Beki Tatu

Mjini wananiita beki tatu
na simlaumu aliyelibuni jina:
mimi ndiye wa nyuma katika nyumba ya watu,
wa mwisho kulala, wa kwanza kufungua geti,
hapa Forest, Mbeya, nyumba ya bati jekundu.
Mdogo wangu Gwakisa ni beki tatu pia,
ila yeye namba amevalishwa mgongoni.

Uwanja wa kwetu, juu ya Kiwira,
ulichongwa ubavuni mwa kilima.
Kulia kulikuwa juu, kushoto chini,
na chini ya kushoto migomba,
na chini ya migomba mto.
Kila mpira uliochoka uliteremkia kwake.
Kipindi cha pili, walipobadilishana magoli,
upande wake ukawa juu,
akabaki peke yake na ukungu
akiwatazama wenzake wakiufukuza mpira bondeni.
Hakuhama. Mwalimu alimwambia linda hapa,
akalinda hapa.

Viatu vya kwanza nilinunua mimi,
mtumba wa Mwanjelwa, namba arobaini na mbili.
Mguu wake ulikuwa arobaini.
Tukajaza gazeti kwenye ncha,
akakimbia msimu mzima
juu ya habari za mwaka juzi.

Kocha Mdegela alimjaribu mbele,
akaona hana uroho wa goli,
akamrudisha nyuma, pembeni, penye chokaa.
Huko akakaa. Huko wakamlipa,
mara tarehe tano, mara tarehe ishirini,
mara wakamwambia subiri viingilio.

Mwaka wa pili timu ikampeleka Njombe kwa mkopo.
Mama akanipigia usiku:
"Tumpe, nani kamkopa mwanangu?
Na asiporudishwa, tunamdai nani?"
Nikatafuta maneno, salio likaisha.

Njombe, aliniambia, maji ya kuoga yanauma meno.
Mechi saba benchi, blanketi magotini.
Ya nane, dakika kumi na moja.
Ya tisa akaanza.
Nilikuwa napiga pasi, redio juu ya kabati.
Beki akifanya kazi yake hatajwi;
anatajwa akipitwa.
Kwa saa nzima sikulisikia jina lake
nami nikashukuru kwa kila dakika ya kimya.
Kisha mtangazaji akapaza: "Mwakibete!"
Nikaunguza kola ya shati la bosi.
(Alikuwa ameokoa kwenye mstari.
Hilo nililisikia baadaye,
shati likiwa tayari limekatwa kwenye mshahara.)

Jumapili moja mtoto wa bosi anatazama mpira wa Ulaya.
Kuna kijana wa Kiholanzi, miaka kumi na tisa,
beki wa pembeni, shingo nyembamba kama ya Gwakisa.
Mtangazaji anasema kwao hakuna milima,
nchi imelala kama meza.
Nikasimama na kitambaa cha vumbi mkononi.
Alipanda, akashuka, akapanda,
akanyoosha mkono, hakuna aliyempa mpira,
akashuka.
Nikasema moyoni: hata kwenye meza,
beki ni mtu wa kupanda mlima.
"Dada," mtoto akasema, "unaziba."

Januari, mvua haina adabu,
Gwakisa kasimama nje ya geti.
Ana bahasha ndani ya nailoni:
miaka miwili, mhuri, sahihi yake
imepinda kwenda kushoto.
Mimi sijawahi kusaini kitu, hata huu ufunguo nilionao.
Mgeni haruhusiwi kuingia,
nikamletea chai, akanywea chini ya ukingo wa bati.

Akanipa noti nne, zimelowa.
Nikazirudisha: "Nunua kwanza viatu vya saizi yako."
Akacheka, akainua mguu wa kushoto, matope hadi kifundoni.
"Ni vilevile, Dada. Gazeti nilishatoa.
Mguu umefika."

Ndani mtu akaita, "Beki tatu!"
Tukageuka wote wawili,
yeye kabla yangu.